Mji wa Kulala Kabla ya Ndege

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma mazungumzo haya gazetini, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo kila msafiri hukutana nalo ila wachache hulifikiria. Mtu aliyekwisha kumaliza shughuli iliyomleta, akabakiwa na siku mbili tatu kabla ya ndege ya kumrudisha kwake, akalale wapi?

Nimelazimika kulifikiria kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyu, ingawa sasa si kijana tena, alizaliwa Namanyere mkoani Rukwa, lakini kwa miaka 18 maisha yake yako Ulaya ya kaskazini. Alikuja kwa msiba wa mama yake, ambaye ni dada yangu. Ndege ya kuunganisha ilimponyoka njiani, akakaa siku mbili katika uwanja wa nchi ya watu akisubiri nyingine. Sisi tulizika Jumanne. Yeye akaingia Jumatano jioni.

Matanga yakaanuliwa. Arobaini hakuweza kuingoja, kwa kuwa mwajiri wake hakumpa siku hizo. Akabakiwa na siku nne kabla ya kupandia ndege Uwanja wa Songwe, Mbeya, kwenda Dar es Salaam na kuendelea. Jioni moja tukiwa Sumbawanga, wazee wamekaa barazani, akaniuliza, "Mjomba, siku hizi nne kabla ya ndege ya kurudi nyumbani nizimalizie wapi? Nataka mahali pazuri, pa kupumzisha kichwa."

Niliona wazee wakitazamana. Aliposema nyumbani hakuwa na maana ya Namanyere. Hakuna aliyemkemea, maana mfiwa hakemewi, lakini neno lile lilibaki pale barazani kama kiti kisicho na mtu.

Mwenyewe alikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza ni kwenda moja kwa moja Mbeya, atafute hoteli, awe karibu na uwanja. La pili ni kuwahi Dar es Salaam, avuke Unguja na kulala ufukweni. Mimi nikamwambia, "Twende Kipili."

Akacheka kidogo. "Kipili kuna nini, mjomba?"

Swali lake ni la haki, na mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu.

Kwa wasiokujua, Kipili ni bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika, upande wa wilaya ya Nkasi. Ukitoka Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo koti si pambo. Unakwenda kaskazini hadi Namanyere, kisha unaiacha barabara kuu na kuanza kuteremka kuelekea magharibi. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo unashuka zaidi ya kilomita moja kwenda chini. Koti unalivua njiani. Miti inabadilika, udongo unabadilika, hata jasho linaanza kukukumbusha pwani. Mwisho wa mteremko unaona maji ya buluu yasiyo na ng'ambo, na mbele yake visiwa vidogo, kama Ulwile na Mvuna, vimekaa kama walinzi. Visiwa hivyo ndivyo vilivyoipa Kipili thamani. Tanganyika ni ziwa refu, yapata kilomita 670, na upepo wake wa kusini una hasira. Chombo kikiingia nyuma ya visiwa kinapumua.

Kwa hiyo kazi ya Kipili tangu zamani ni moja, nayo ni kungoja. Watu walingoja upepo utulie, wakangoja mtumbwi, wakaja kungoja meli.

Nchi yetu, ndugu wasikilizaji, imewahi kuwa na miji mingi ya namna hiyo, na historia yake ni ya kusikitisha kidogo. Mji wa kungojea hupendwa maadamu chombo kinasimama hapo. Chombo kikibadili njia, mji husahauliwa.

Mkubwa wa miji hiyo ni Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea miezi kadhaa na pembe za ndovu begani walifika pale wakatua mizigo, na wengi husema jina la mji limetokana na hali hiyo, yaani kubwaga moyo. Lakini tusisahau kwamba jina hilo hilo lina maelezo ya pili. Mtumwa aliyefikishwa pale alijua kwamba mbele yake ni bahari, na nyuma yake ni nchi asiyoiona tena, akaubwaga moyo wake pwani. Mji mmoja, usiku mmoja kabla ya safari, na watu wawili waliokuwa wakingoja mambo mawili tofauti kabisa.

Na Ufipa imo katika habari za Bagamoyo. David Livingstone, baada ya kuagana na Stanley mwaka 1872, alishuka kusini kwa kufuata upande huu wa mashariki wa ziwa, akafa tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba. Njia yao ya kwenda Unyanyembe, huko Tabora, ilipita katika nchi ya Wafipa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Maiti ikalazwa kanisani kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha ikavushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Wengi wa waliombeba kwa miezi tisa hawakupandishwa merikebu ile. Walilipwa ujira wao wakaambiwa kwaherini. Kila nikipita Bagamoyo huwafikiria wao kuliko maiti. Maiti ilikuwa na pa kwenda.

Baadaye Wajerumani waliona bandari ya Dar es Salaam ina kina kirefu kuliko Bagamoyo, wakahamishia huko makao yao mwaka 1891. Bagamoyo ikaanza kuzeeka. Huku ziwani, Ujiji ulikuwa ndio mji wa misafara yote, lakini reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914 haikwenda Ujiji, ilikwenda Kigoma. Hiyo ni mwendo wa kilomita chache tu, lakini kwa mji kilomita chache zatosha kuua.

Sasa tazama kusini mwa Kipili. Kule Kasanga Wajerumani walijenga ngome wakaiita Bismarckburg. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa bado yumo porini Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 25 Novemba akasalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, mji ulio karibu mno na mpaka wetu wa Rukwa. Alikuwa na Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na nyuma yao wapagazi, wanawake na watoto. Wakashushwa hadi Kasanga, wakapakiwa vyomboni kwenda Kigoma, kutoka hapo wakapanda treni. Safari hiyo ya ziwani inapita mbele ya visiwa vya Kipili. Januari 1919 Lettow na Wazungu wake wakaondoka Dar es Salaam kwa meli kurudi kwao, na huko wakapokewa kwa shangwe. Askari waliachwa kambini Tabora. Wapagazi walirudi kwao wenyewe, wale waliosalimika na njaa na homa kali ya mafua ya mwaka ule, na hakuna aliyekaa kuandika nani alifika na nani hakufika.

Leo Kasanga ni kijiji chenye bandari. Ofisi za serikali zilipanda mlima, na Sumbawanga ikawa ndiyo mji.

Kipili yenyewe haikuwahi kuwa mji mkubwa, na labda ndiyo maana haikuanguka kwa kishindo. Kilichoiweka hai ni meli. Ndugu wasikilizaji wengi mnaijua MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa kwa merikebu na treni na vichwa vya watu hadi Kigoma. Ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, maadui walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili kwa watu wa upande wa kusini. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 90, ilipanda na kushuka kati ya Kigoma na Mpulungu, ikisimama Karema, Ikola, Kipili, Wampembe, Kala na Kasanga, hadi iliposimamishwa kwa matengenezo mwishoni mwa miaka ya 2010.

Na hapa, wasikilizaji, niwaambie kilichonifanya nitamke Kipili pale barazani.

Mwaka 1964 dada yangu alichaguliwa kwenda kusomea ualimu Tabora. Masika yalikuwa yamekata barabara ya kwenda Mpanda, na bila Mpanda hakuna treni. Baba akaamua apitie ziwani. Mimi nilikuwa mvulana wa miaka 12, nikapewa kazi ya kumsindikiza na kubeba sanduku lake la bati. Tulipanda lori la samaki lililokuwa likishuka tupu. Tulipofika Kipili tukaambiwa meli ilitarajiwa jana, basi huenda ikaja leo, au kesho.

Haikuja leo wala kesho. Tulilala mikesha mitatu katika nyumba ya mama mmoja ambaye hakutujua, na ambaye hakukubali senti moja. Asubuhi dada alimsaidia kuanika dagaa juu ya mchanga. Mchana aliketi juu ya sanduku na kunifundisha hesabu za kugawanya, kwa kuwa alisema mwalimu haanzi kazi siku ya kupata cheti. Usiku haukuwa na mwezi. Wavuvi waliingia ziwani na karabai zao, na mbele yetu maji yakawa kama mji wenye taa, mji ambao hatujapata kuuona. Dada akasema, "Tabora itakuwa hivi." Nikamwuliza kama atarudi. Akasema, "Nikishajua kusoma ramani nitarudi, hata nikipotea."

Usiku wa tatu tukasikia honi. Liemba wakati huo ilikuwa bado inakwenda kwa mvuke. Haikufika ufukweni, ilitia nanga nje, na mitumbwi ikaenda kuizunguka, watu wakipanda kwa mlango wa ubavuni huku wakigombana na magunia. Dada alipanda na sanduku lake. Mimi nilirudi kulala kwa yule mama, na nakumbuka kwamba sikulia, kwa sababu baada ya siku tatu tulikuwa tumekwisha kuambiana yote.

Alirudi kama alivyosema. Akafundisha Ufipa zaidi ya miaka 30. Kijana wake habari hii hakuijua. Mama yake hakuwa mtu wa kusimulia, na mimi nilikuwa sijaona haja ya kuisimulia mpaka siku ile aliposema nyumbani.

Basi tukaenda. Njiani nikawa namweleza haya ninayowaeleza ninyi, habari za Bagamoyo, za Ujiji, za Kasanga. Alinisikiliza vizuri hadi tulipoiacha lami Namanyere na vumbi likaingia garini. Hapo akanikatiza.

"Mjomba," akasema, "nisamehe. Wewe unausifia ungojaji. Mimi ungojaji ndio ulioninyima kumwona mama. Nilikaa siku mbili juu ya kiti cha bati uwanjani. Kama kungekuwa na ndege ya moja kwa moja hadi Sumbawanga ningemfumba macho kwa mkono wangu. Sasa unanipeleka kuona mahali watu walipokuwa wakichelewa?"

Sikuwa na jibu. Tulikwenda kilomita kadhaa bila neno.

Wasikilizaji, kijana yule alikuwa na haki, na ni vibaya sisi wazee kuipamba dhiki kwa sababu tu tulikuwa vijana wakati ule. Wapo waliongoja meli wakiwa na mgonjwa, na mgonjwa akafia mchangani. Wapo wanawake waliojifungulia palepale. Wavuvi waliooza samaki kwa sababu chombo hakikuja hawana hamu ya kusikia mashairi ya honi. Ikiwa Rukwa inadai barabara ya lami, inadai uwanja wa ndege na vyombo vya uhakika ziwani, inadai haki yake. Watu wa mikoa mingine walizipata zamani, na sisi tuliitwa wa pembezoni mpaka tukazoea kuitwa hivyo.

Lakini nilipokuwa kimya nikaona kwamba tulikuwa tukizungumzia mambo mawili. Yeye alikuwa akizungumzia kuja, mimi nikizungumzia kuondoka. Anayekuja kwa mgonjwa, kwa msiba, kwa mkutano, huyo apewe mbawa. Anayeondoka hali yake ni nyingine. Zamani hakuna aliyeweza kuondoka haraka hata kama alitaka, chombo chenyewe kilimlazimisha kukaa na kuagana. Siku hizi hakuna kinachomlazimisha. Asipojichagulia mwenyewe mahali pa kukaa, ataondoka kama mtu aliyechomolewa.

Hata ndege, ukichunguza historia yake, hapo mwanzo zilijua kulala. Tarehe 20 Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya kutoka London hadi Cape Town, safari ilichukua yapata siku 11, kwa kuwa ndege zile hazikuruka usiku. Zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na kuendelea kusini. Abiria alikula na kulala katika miji ya njiani. Mbeya, mji mdogo wakati ule, ukajikuta uko katika ratiba moja na Cairo na Khartoum. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za kutua majini, njia ikahamia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya ikaachwa. Na Lindi nayo ikaja kuachwa, zilipokuja ndege zisizohitaji kutua njiani. Uwanja wa Songwe ulipofunguliwa Desemba 2012 ndipo Mbeya ilipoanza tena kuona ndege kubwa kubwa, lakini abiria wa leo hashuki alale. Anafika saa mbili kabla, anaketi, anaitwa, anaondoka. Hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kupita mji mara 20 na asiujue.

Tulifika Kipili jua likielekea kuzama upande wa Kongo. Mazuri yake ni yaleyale, maji na visiwa, na mapungufu yake pia ni yaleyale. Chumba tulichopata kilikuwa safi, na mbu nao walikuwa hawajahama. Tukala migebuka ya kuchoma na ugali. Usiku wavuvi waliingia ziwani, siku hizi wengi kwa taa za betri badala ya karabai, lakini mji ule wa juu ya maji ulikuwa uleule. Nikamwonyesha. Nikamwambia maneno ya mama yake, "Tabora itakuwa hivi." Akakaa muda mrefu bila kusema kitu.

Asubuhi tukapanda kuangalia magofu ya misheni ya zamani ya Mapadre Weupe, kuta zilizosimama bila paa, zinatazama ziwa. Pale akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu Sumbawanga. "Wazee walikasirika niliposema nyumbani?"

Nikamjibu kwa habari ya mtu wa pwani hii hii, kaskazini kidogo, Karema. Adrian Atiman alizaliwa mbali sana, karibu na mto Niger, Afrika ya Magharibi. Akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akanunuliwa na wamisionari katika Algeria wakamwacha huru, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema. Akaoa hapo, akatibu watu na kufundisha dini hapo, akazikwa hapo mwaka 1956. Ni miaka 67 katika mji mmoja. Watu wa Karema hawakumwuliza kama Karema ni nyumbani kwake. Walijionea kwa kazi yake.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "siwezi kukukataza kuiita nyumbani nchi unakolala, unakofanya kazi, walikozaliwa wanao. Ila Atiman aliporwa alikotoka, hakuagana napo. Wewe hukuporwa. Wewe unayo nafasi ya kuaga."

Mchana ule nilimpeleka mahali ilipokuwa nyumba ya yule mama wa mwaka 1964. Nyumba haipo. Pana mwembe, na chini ya mwembe walikuwapo vijana wakitengeneza nyavu. Tukauliza. Walikuwa hawamjui, wala hapakuwa na sababu ya kumjua, imepita miaka zaidi ya 60. Lakini mmoja wao alisimama, akampa mpwa wangu kigoda, akasema, "Kaa, mgeni." Alikaa pale hadi alasiri. Mwanzo alikuwa akitazama simu, baadaye akaiweka mfukoni, baadaye nikamwona ameshika upande mmoja wa wavu na kuvutia. Nilikwenda kutembea nikamwacha.

Usiku wa pili alizungumza. Alizungumza habari za mama yake hadi karibu alfajiri, nyingine hata mimi nduguye nilikuwa sizijui. Alilia pia. Matangani hakulia, alikuwa akikimbizana na turubai na sufuria na wageni, na huku moyoni akihesabu siku za likizo.

Kesho yake tukapanda mlima kurudi Sumbawanga, na siku iliyofuata tukashika barabara ya Tunduma hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Usiku wa mwisho tulilala Mbeya, katika hoteli ya kawaida, karibu na njia ya uwanja. Hili nalisisitiza kwa vijana watakaosema mzee huyu anashauri watu wakose ndege. Usiku wa mwisho ni wa ndege, ulale karibu nayo. Usiku wa kabla ya huo, na wa kabla yake, ndio wako. Hesabu nyuma kutoka siku ya tiketi, weka siku moja ya dharura ya barabara, na zilizobaki zipeleke mahali penye neno la kukuambia.

Mahali hapo si lazima pawe Kipili. Kila mtu ana Kipili yake. Mwingine yake ni Lindi, alikosoma. Mwingine ni Ujiji, au kituo cha treni cha Kaliua alikomwacha baba yake. Unguja ni nzuri, simkatazi mtu Unguja, wala wenyeji wake wasinielewe vibaya. Lakini mgeni anayelala ufukweni usiku mbili na kuondoka amepumzisha mwili. Aliyetoka msibani hakuchoka mwili peke yake.

Na wenzangu wa Rukwa nina neno kwao. Siku ndege kubwa zitakapokuwa zikitua Sumbawanga kila asubuhi, tutashangilia, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele ingawa ni mwanamume. Lakini tukumbuke Bagamoyo na Ujiji na Kasanga. Chombo kipya huwa hakiulizi mji wa zamani utakula nini. Barabara ya kushuka ziwani ikisahauliwa kwa sababu wakubwa wote wanaruka juu yake, Kipili haitapiga kelele. Itanyamaza tu kama walivyonyamaza wenzake, na watoto wetu watakuja kuonyeshwa kuta bila paa.

Pale Songwe, kabla hajaingia ndani, mpwa wangu alinikumbatia. Alisema, "Haya mjomba, narudi kazini." Sijui kama alichagua neno hilo kwa kuniridhisha mimi, au lilimtoka lenyewe. Sikumwuliza. Alisema pia kwamba arobaini ataomba misa kule kule aliko, na mwakani, Mungu akipenda, atakuja na watoto, nao atawashusha Kipili.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndugu wasikilizaji, wale mlio na tiketi mkononi, safari njema. Msisahau kuaga. Hadi wiki ijayo, saa kama hii, nawatakia usiku mwema.